Una Mtu Huko Chini?

Ukikata tiketi ya ndege kwa simu, kabla ya kulipa utaulizwa swali moja linaloonekana dogo: kiti cha dirishani au cha kando ya njia? Wanaosafiri kila wiki huchagua kando ya njia. Wanataka kunyoosha miguu, kwenda msalani bila kumwomba mtu apishe, na kuwa wa kwanza kusimama ndege ikitua, hata kama mlango haujafunguliwa na hakuna anayekwenda popote. Sisi wengine tunataka dirisha. Wakati mwingine tunaongezewa bei kwa sababu ya dirisha hilo, na tunalipa.

Tunalipia nini hasa? Kiti ni kile kile, soda ni ile ile, na wote tutafika wakati mmoja. Tunalipia kuangalia. Ndilo jambo ninalotaka tulikalie hapa: mtu anapoiangalia nchi kutoka juu na moyo wake ukafurahi, anakuwa anafanya nini? Ni starehe tu isiyomdhuru yeyote, kama kula mahindi choma njiani, ama kuna deni ndani yake?

Najua kuna atakayesema, si uwaache watu wafurahie mawingu yao. Sawa. Hata mimi ni wa dirishani. Lakini hebu tulifuate swali hili mpaka tuone linakoishia.

Tuanze na raha yenyewe, maana ni ya kweli. Chukua safari ya Nairobi kwenda Mombasa na ukae upande wa kulia. Kwa barabara, safari hiyo inakula siku yako yote: Mlolongo, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mariakani, malori mbele yako kama msafara wa siafu, na dereva anayeyapita kwenye kona huku abiria wakiomba kimoyomoyo. Kwa ndege ni chini ya saa moja. Hujamaliza hata kufungua kile kipakiti cha njugu, huu hapa Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, umesimama juu ya mawingu kana kwamba hauna uhusiano wowote na ardhi. Halafu Tsavo na udongo wake mwekundu, mito inayojikunja, reli na barabara zikikimbizana kuelekea pwani. Mwishowe bahari, na ule mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjika kwenye miamba kabla ya kufika ufuoni.

Kuna kitu kinatokea kifuani wakati huo. Simu umeizima, kwa hivyo mwenye nyumba hawezi kukupigia. Fuliza bado unadaiwa, lakini hata Fuliza haifiki huku. Kwa dakika 40 hakuna anayekuhitaji, na kitu kikubwa kuliko wewe kinapita chini yako bila kukuomba chochote. Wazee walisema macho hayana pazia. Kuangalia si kuiba. Mtu anayeishi kwenye chumba kimoja Pipeline, ambako ukifungua dirisha unakutana na dirisha la jirani, ana haki ya kuona mbali angalau mara moja maishani. Sitaki kumwambia mtu huyo kwamba raha yake ni dhambi.

Sasa tazama tena chini, lakini safari hii jaribu kuhesabu watu.

Hutaweza. Jicho la binadamu lenye afya lina mpaka wake: vitu viwili vikikaribiana sana, hadi pembe kati yake ikawa ndogo kuliko takriban sehemu ya 60 ya digrii moja, jicho linaviona kama kitu kimoja. Ukipiga hesabu, ndege ikiwa kilomita 10 juu, umbo lolote lenye upana wa chini ya mita 3 hivi linapotea. Hakuna binadamu wa mita 3. Tena ukimwangalia mtu kutoka juu kabisa huoni urefu wake, unaona utosi na mabega, nusu mita basi. Ndege za hapa nyumbani haziendi juu hivyo kila mara, lakini zikishapaa ziko mbali vya kutosha kukufutia watu wote.

Kwa hivyo unachokiona ni kazi za watu bila watu. Unaona mashamba ya majani chai Kericho yaliyopangwa kama zulia, humwoni mchumaji aliyebeba kikapu mgongoni tangu alfajiri. Unaona paa la mabati likimeta, humwoni mama aliyechukua mkopo wa sacco kulinunua. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Dirishani tunaona vinavyoelea tu. Waliounda wamepotea kwenye hesabu ya jicho.

Na hapo ndipo uzuri unapoanza kutuchezea. Si kwamba tunachokiona ni uongo. Zulia la chai ni zuri kweli. Ila umbali umekufanyia usafi bila kukuuliza: umeondoa harufu, kelele, jasho na ugomvi, ukakuachia rangi na maumbo. Mtu akisema nchi hii ni nzuri sana kutoka juu, anasema kweli, lakini anaisifu nchi iliyofagiliwa.

Kama mambo yangeishia kwa abiria, tungecheka tu tukaendelea. Shida ni kwamba wapo watu wanaofanya maamuzi kwa macho ya aina hiyo, na historia yetu inao.

Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilitangaza msitu wa Nyandarua kuwa eneo la marufuku. Yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi. Ndege ndogo za Harvard zilianza kushambulia, kisha zikaja Lincoln kubwa za kuangusha mabomu, zikiruka kutoka Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh hii hii unayoendea nguo. Zilipiga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Wanajeshi waliokuwa ndani yake walikuwa na mandhari ambayo leo tungeilipia pesa nyingi: mabonde, maporomoko ya maji, mianzi, ukungu wa asubuhi. Chini ya miti hiyo kulikuwa na watu wenye majina, wenye mama, wenye ahadi walizowekeana na wenzao. Kutoka juu ulikuwa msitu tu. Na ukishaamua kwamba huo ni msitu tu, unaweza kuupiga bomu na jioni ukala chakula chako vizuri.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu unahusu upendo. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka huku na huku juu ya Serengeti, Tanganyika, katika ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia. Walikuwa wanahesabu wanyama, na walihesabu zaidi ya 300,000. Waliipenda Serengeti kwa dhati. Michael alifia huko Januari 1959, ndege hiyo ilipogongana na ndege mla mizoga ikaanguka. Kitabu na filamu waliyotengeneza viliitangaza Serengeti duniani kote, na filamu ikapata tuzo ya Oscar. Lakini Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa haifai kuwa na watu ndani yake, hata kama ni wenyeji. Na mwaka huo huo wa 1959, Wamaasai waliokuwa wakiishi na kuchunga Serengeti waliondolewa, wengi wakapelekwa upande wa Ngorongoro.

Sisemi kwamba ndege ile ndiyo iliyowahamisha. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mipango yake. Ninachosema ni kwamba ukiwa angani, nyumbu wanaohama wanaonekana kama mto unaotembea, na mchungaji na ng'ombe wake wanaonekana kama doa kwenye picha safi. Inawezekana kuipenda nchi ya watu hadi ukatamani wenyewe wasiwepo.

Mfano wa tatu ni wa juzi. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Kwenye mchoro wa mhandisi, barabara ni mistari miwili sambamba, na mji wenye foleni kama wetu unaihitaji, hilo sibishi. Mahali mistari hiyo ilipopita palikuwa na nyumba za maelfu ya watu, na shule pia. Asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye mchoro unaochorwa kutoka juu, mkazi huwa hayupo.

Nikiishia hapa, jibu litakuwa rahisi: juu ni pabaya, chini ni pazuri, shuka ukakae na watu. Lakini si kweli, na tukisema hivyo tutakuwa tunajidanganya kwa upande wa pili.

Kuna mambo yanayoonekana vizuri kutoka juu tu. Ukipaa kutoka Wilson, kulingana na upepo na upande uliokaa, unaweza kuuona uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, kijani kibichi, na pembeni yake mabati ya Kibera yaliyobanana kama magamba ya samaki. Huko chini, mcheza gofu na mama mboga wanaweza kuishi miaka 20 wakiwa majirani bila kutazamana hata siku moja. Ukuta na miti vinawaficha. Kutoka juu ukuta ni uzi mwembamba, na pande zote mbili ziko ndani ya picha moja. Mpigapicha Johnny Miller alianza mwaka 2016, huko Cape Town, kupiga picha za mipaka kama hiyo kwa droni, na mradi wake umefika hadi Nairobi. Picha hizo hazihitaji maelezo marefu. Aliye chini anajua kwamba mfereji wake umekauka. Aliye juu anaona pia ni nyasi zipi zisizokauka.

Tunapenda kusema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli kabisa. Lakini anayekilalia anawajua kunguni, na huenda hajawahi kuona chumba kizima kilivyo. Tunahitaji yote mawili. Kwa hivyo dawa haiwezi kuwa kufunga dirisha.

Sasa, ikiwa mrusha mabomu wa Nyandarua na mpiga picha wa droni wote wako juu, tofauti yao iko wapi? Nadhani jibu limo katika swali ambalo Wakenya tunaulizana kila siku kwa maana nyingine. Ukitafuta kazi, cheti kilichokwama, au kitanda hospitalini, rafiki atakuuliza: una mtu huko? Yaani kuna anayekujua, ambaye kwake wewe si faili tu? Tunaliuliza swali hilo tukiangalia juu, kwa wakubwa. Kiti cha dirishani kinatutaka tuligeuze: una mtu huko chini?

Mfikirie msichana wa miaka 23 kutoka Bungoma anayepanda ndege kwa mara ya kwanza. Haendi kula raha Diani. Ana mkataba wa miaka 2 wa kazi ya nyumbani Riyadh, na kiti cha dirishani amekipata kwa bahati tu. Ndege inainuka usiku, Nairobi inageuka kuwa taa. Thika Road ni mto wa dhahabu. Kijana aliyekaa mbele yake anapiga video ya kuweka Instagram. Wote wawili wanaona taa zile zile kutoka kimo kile kile. Lakini msichana anatafuta. Anajaribu kukisia magharibi ni upande gani, kwa sababu huko, nyuma ya giza lote lile, mtoto wake wa miaka 3 amelala kwa nyanya yake. Hamwoni, bila shaka. Jicho lake lina mpaka ule ule wa sehemu ya 60 ya digrii. Ila kwake hakuna sehemu tupu. Hata penye giza pana mtu.

Urefu haukumfanya awe mbali. Na tunaweza kwenda juu zaidi ya hapo. Tarehe 24 Desemba 1968, wanaanga watatu wa Apollo 8, Frank Borman, Jim Lovell na William Anders, walikuwa wakiuzunguka mwezi, karibu kilomita 380,000 kutoka hapa. Dunia ikachomoza nyuma ya ukingo wa mwezi, ndogo, ya buluu, na Anders akaipiga picha. Katika umbali huo si mtu tu asiyeonekana, hata Afrika ni alama tu chini ya mawingu. Hata hivyo, picha hiyo ikawafanya watu wengi waione dunia kama nyumba moja ya kutunzwa. Kwa nini umbali mkubwa hivyo haukuzaa ubaridi? Nadhani ni kwa sababu wale watatu walikuwa na mtu huko chini kwa maana kamili kabisa: ukiwaondoa wao wenyewe, kila mtu waliyewahi kumjua alikuwa ndani ya ile duara.

Basi kimo hakina kosa. Unaweza kuwa kilomita 380,000 juu na ukajali, na unaweza kuwa ghorofa ya pili ya ofisi fulani na usijali. Kinachoamua ni kama unaamini kwamba mahali unapopaona patupu pana mtu, hata kabla hujamwona.

Imani hiyo si hisia ya kuja yenyewe kwa sababu mandhari ni nzuri. Inatafutwa, na mara nyingi inatafutwa kwa miguu. Mwaka 2009, kwenye ramani nyingi ambazo mwananchi angeweza kuzipata, Kibera ilikuwa karibu sehemu tupu. Satelaiti zilikuwa zikiyaona mabati yote, lakini hazikujua lipi ni zahanati, lipi ni kanisa, na lipi ni choo cha kulipia. Ndipo vijana 13 wa Kibera wenyewe wakachukua vifaa vya GPS, wakatembea kichochoro kwa kichochoro, wakaandika: hapa kuna maji, hapa kuna shule, hapa kuna duka la dawa. Mradi huo ukaitwa Map Kibera. Hawakuitupa picha ya kutoka juu. Waliijaza. Ninapenda sana mfano huu kwa sababu hauchagui kati ya dirisha na kichochoro. Unasema picha ya juu ni ya kweli ikiwa kuna mtu amekubali kushuka na kuimalizia.

Na usidhani jambo hili ni la wenye tiketi peke yao. Madirisha ya aina hii tunayo mengi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Nairobi, wengi wetu tuliyaona kwa video za droni. Maji ya kahawia, mapaa yakichungulia, na hapo chini maoni, watu wakishangaa kana kwamba ni sinema. Mkubwa anayepunguza wafanyakazi 40 kwa kufuta safu kwenye kompyuta naye yuko dirishani. Hata wewe unayesoma kwamba idadi fulani ya watu wamekufa barabarani wikendi hii, ukapitisha kidole uendelee, uko juu sana. Sikulaumu, hakuna mtu anayeweza kumlilia kila mtu. Lakini ni vizuri kujua uko kimo gani kabla ya kutoa hukumu kuhusu walio chini.

Kwa hivyo je, kuna deni katika raha ya dirisha? Nadhani lipo, ila si deni la kujinyima. Angalia. Piga picha yako. Ushangae Kilimanjaro mpaka shingo ikuume. Deni ni hili tu: usichukue ulichokiona kuwa ndicho chote kilichopo, na usikitumie kuamua maisha ya mtu ambaye kimo chako kimemfuta. Kama una nafasi ya kuamua, kama wewe ni mhandisi, mwanahabari, mwanasiasa wa kesho, au mtu wa kupiga kura tu, shuka kwanza.

Kuna jambo moja la mwisho, na ni la hesabu ile ile ya jicho. Ndege ya abiria aghalabu ina zaidi ya mita 20 kutoka pua hadi mkia. Kwa hivyo mtoto aliyesimama Mukuru, au kando ya reli pale Emali, akiinua kichwa anaiona vizuri kabisa, na watoto wetu wana desturi ya kuipungia ndege mkono. Wanapunga kwa nguvu zote, wanaikimbilia, wanaiita. Hawajui aliye ndani ni nani, lakini hawana shaka kwamba ndani yake kuna mtu. Wao wamelijibu lile swali bila kusoma falsafa yoyote. Sisi tulio dirishani, tuliolipia kuangalia, ndio tunaohitaji kukumbushwa.